Kuhama Nyumba Ukiwa na Mtoto Mdogo Mwenye Ulemavu: Mazingatio Kutoka Mji wa Tunduma



Tunduma ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Barabara kuu iendayo Zambia yaupasua, na reli ya TAZARA yaupitia. Na tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kisha kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Oktoba 2019, mawakala wa forodha, wachuuzi, makuli na watumishi wa serikali wamezidi kumiminika, hata ikawa katika nyumba nyingi za kupanga mpangaji wa mwaka huu siye wa mwaka uliopita. Sensa ya 2022 iliukuta mji huu na watu zaidi ya 200,000. Miongoni mwa aila hizo zinazofunga na kufungua virago zimo zenye watoto wasioweza kutembea, au kusema, au kuona, nazo ndizo nilizoombwa kuzinenea.

Rai yangu ni kwamba hasara kubwa ya kuhama kwa mtoto wa namna hii si vyombo kuvunjika wala kodi kupanda, bali ni kupotea kwa maarifa ambayo hayakupata kuandikwa popote, kwa kuwa yamo vichwani na mikononi mwa watu wanaobaki nyuma.

Tumfikirie mtoto wa miaka 4 mwenye mtindio wa ubongo, aishiye na mamaye katika chumba na sebule mtaani Majengo. Jirani wa chumba cha pili ajua kwamba uji wa mtoto huyu hupikwa mzito, kwamba hulishwa ameketishwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo na kidevu kimeshikwa kwa kidole gumba, maana kichwa kikilalia nyuma uji huweza kushika njia ya pumzi. Kijana wa bodaboda ajua kusubiri mpaka miguu iliyokakamaa ilegee. Mama huyo apatapo nyumba ya nafuu upande wa Mpemba, kirikuu kimoja chatosha kubeba kitanda, ndoo, jiko na gunia la mahindi. Lakini jirani habebeki. Kuanzia siku hiyo mama hana wa kumwachia mtoto hata kwa muda wa kwenda sokoni, na biashara yake ya mpakani, iliyokuwa ikilipa hiyo kodi, huanza kudhoofu.

Kwa sababu hiyo nawanasihi wazazi waandike maarifa hayo katika karatasi moja kabla ya kuhama: anavyolishwa, anavyobebwa, dalili za degedege na la kufanya linapomshika, jina na kipimo cha dawa. Karatasi peke yake haifundishi mkono. Lau yawezekana, jirani mpya na aalikwe saa ya chakula aone kwa macho yake.

Ama nyumba yenyewe, dalali husifu umeme, dari na geti, wala haulizwi kizingiti. Kanuni ya mteremko wa kiti cha magurudumu ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda yahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ngazi ya sentimita 15, ambayo mtu mzima huivuka bila kuiona, yadai mteremko wa karibu mita 2, na nyua nyingi za mjini hazina nafasi hiyo. Choo cha uani, ambacho wakati wa kiangazi ni safari fupi, kati ya Novemba na Aprili huwa ni kuvuka tope ukiwa umebeba mtoto ambaye kila mwaka azidi uzito. Mambo haya na yajadiliwe kabla ya kodi ya miezi 6 kutoka mkononi, maana ikishapokelewa, mwenye nyumba hana tena haja ya kusikiliza.

Najua wazazi wengine humficha mtoto siku ya kutazama nyumba, kwa kuchelea kuambiwa kwamba wapangaji wengine watakereka kwa kelele, au maneno mabaya zaidi ya laana na mikosi. Siwalaumu, ila nyumba iliyopatikana kwa kumficha mtoto humlazimu aendelee kufichwa.

Wapo wanaovuka mpaka kabisa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa kuwa Wanyamwanga, wenyeji wa eneo hili, ni jamaa moja pande zote mbili. Kwa mtu mzima ni mwendo wa miguu tu. Kwa mtoto aliyechelewa kusema, ambaye ndio kwanza amepata maneno machache ya Kiswahili, ni kuingia katika Kibemba na Kiingereza, na kukutana na mwalimu asiyejua ishara alizojizoesha nazo.

Jambo la dawa halivumilii taksiri. Mtoto anayetumia dawa za kifafa akikatizwa ghafla aweza kushikwa na degedege lisilokoma. Basi barua ya kliniki na dawa za mwezi mzima zipatikane kabla ya gari kukodiwa, na zisifungwe pamoja na vyombo.

Mwisho naligeukia jukwaa la viongozi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikaweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mzazi ahamiapo hupeleka barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa; naomba basi mwenyekiti, anapoipokea, aulize kama nyumbani mna mtoto mwenye ulemavu, amwandike daftarini, na ndani ya juma hilo ampeleke mjumbe wa kamati hiyo akabishe hodi.