Kicheko na Msiba katika Shamba la Micheri
(Maneno yaliyonenwa mbele ya wanachama, Kilosa)

Tumepewa nafasi tuseme habari za kitabu, nasi tumechagua mchezo wa Kirusi, Shamba la Micheri, ulioandikwa na tabibu Anton Chekhov. Micheri ni miti ya nchi za baridi, yenye matunda madogo mekundu.

Habari yenyewe ni hii. Bibi Ranevskaya, mwenye shamba, arejea kutoka Paris hana fedha, na shamba litapigwa mnada tarehe 22 Agosti kwa ajili ya deni. Lopakhin, mfanya biashara ambaye baba na babu yake walikuwa watumwa wa shamba lile lile, amwonyesha njia ya kuokoka: kateni miti, gaweni viwanja, pangisheni watu wa mjini. Wenyewe waona jambo hilo si la kiungwana. Gaev, nduguye Bibi, alihutubia kabati la vitabu lililotimiza miaka 100. Bibi naye, watumishi wake hawana chakula, ampa mpita njia sarafu ya dhahabu. Siku ya mnada wacheza dansi. Anunuaye ni Lopakhin.

Mchezo huu ulionyeshwa kwanza Moscow, Januari 1904. Stanislavski, mmoja wa walioutengeneza, alipousoma alilia, akasema ni msiba. Chekhov alishikilia kwamba ni kichekesho. Akafa Julai mwaka ule ule, na ubishi haujaisha hata leo.

Sisi twaona hivi. Watu hawa waambiwa mapema, kwa maneno mepesi, wakati dawa ingalipo. Nao wajibu kwa hotuba. Hayo yachekesha. Lakini siku zilizopita hazirudi, na hayo ndiyo yalizayo. Jambo ni lile lile moja.

Wala tusiwacheke Warusi peke yao. Nani kati yetu hajakaa katika kikao cha ukoo juu ya nyumba ya marehemu? Twamsifu marehemu, twaulizana nani mkubwa, twanywa chai, twaahirisha. Huku paa lavuja na kodi yalimbikizana. Tena itazameni Kimamba, jirani zetu. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za nailoni zikaenea, bei ikaanguka, na palipokuwa na mistari ya mkonge iliyonyoka, mahali pengi pakawa pori. Shamba halingoji mwenyewe amalize kusema.

Katika mchezo huo yumo na mwenzetu, karani Epikhodov, aliyepewa jina la utani Misiba Ishirini na Miwili. Viatu vyake vyalia, shada la maua lamwanguka mkononi, naye asoma vitabu vikubwa asijue kama aishi au ajipige bastola. Tulimcheka sana. Kisha tukaona kwamba yeye ni karani wa shamba, lakini hatumsikii akitaja hesabu ya deni hata mara moja. Hapo tulinyamaza.

Mwisho wote waondoka, nyumba yafungwa. Mtumishi wao mzee, Firs, mwenye umri wa miaka 87, ni mgonjwa. Binti Anya auliza kama amepelekwa hospitali. Yasha ajibu kwamba asubuhi alimwambia Yegor. Yatosha: wote waridhika. Kumbe mzee yumo ndani, amesahauliwa, na nje shoka lalia katika miti.

Mabibi na Mabwana, hakuna aliyemchukia Firs. Kila mmoja alimwachia mwenziwe. Nani asiyeijua habari hiyo ofisini? Faili imeandikwa "imeshughulikiwa", na mjane angali amekaa barazani. Kwa hiyo twawaombeni, mkiambiwa kwamba Yegor amekwisha kuagizwa, inukeni mkafungue mlango mtazame wenyewe.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.