Kuni Kavu za Kiwanda, Kuni Mbichi za Mama

Maoni yangu leo yanahusu moshi wa kuni, na nayaelekeza hasa kwa wakulima wa majani chai wa Nyansiongo na Borabu nzima, ingawa wa Kisii, Kericho na Bomet nao wasikilize.

Sisi watu wa chai tunajua kuzuia moshi. Tunajua vizuri sana. Viwanda vyetu vilivyo chini ya shirika la chai la KTDA, cha Nyansiongo kikiwemo, hukausha majani kwa joto la mvuke wa boila, na kwa miaka mingi kazi hiyo imetegemea kuni. Kuni za kiwandani haziendi motoni moja kwa moja kutoka msituni. Mkaratusi hukatwa, hupasuliwa, hupangwa kwenye banda lenye paa na pande zilizo wazi ili upepo upite, na hukaa hapo miezi kadhaa. Gogo bichi ni hasara, na kiwanda huhesabu hasara kwa shilingi.

Sasa twende jikoni kwa mkulima yuleyule. Mama amechuma tangu asubuhi, amebeba kikapu hadi kituo cha kununulia majani, amesimama kungoja lori. Jioni anainjika chinsaga, mboga isiyokubali haraka. Kuni zake ni tawi la mkaratusi lililokatwa juzi na kunyeshewa jana, maana Borabu mvua haikosi. Anainama kupuliza, machozi yanamtoka, mtoto yuko mgongoni. Banda la kuni, ni nyumba ngapi zinalo?

Moshi huo ni kitu gani hasa? Kuni ikipata joto hutoa maji kwanza, halafu hutoa gesi na lami. Gesi hizo ndizo zinazowaka tukaona mwali. Zikikosa joto la kutosha, au zikikosa hewa, hutoroka kabla ya kuungua, na huo ndio moshi. Jionee mwenyewe usiku wa leo. Washa mshumaa, uache ushike vizuri, kisha uupulize uzimike. Utaona uzi wa moshi ukipanda. Sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye uzi huo, juu kidogo ya utambi, bila kuugusa. Mwali utarukia moshi, ushuke, na mshumaa utawaka tena. Ule moshi ulikuwa nta ambayo haijaungua. Vivyo hivyo, moshi unaotoka chini ya mabati ya jikoni ni kuni ulizonunua au kubeba mgongoni, zinaondoka bila kukupikia.

Kuni mbichi inaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Na kuyageuza maji yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke kunakula joto zaidi ya mara 6 ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi hadi kuchemka. Basi moto unamaliza nguvu zake kukausha gogo, na gesi hazishiki. Chimni husaidia, maana huuondoa moshi puani mwa mpishi, lakini kuni imepotea vilevile.

Utafiti kuhusu jambo hili umefanyika hapa hapa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 wa kaya 55 huko Mpala, Laikipia, wakipima moshi na kurekodi nani ameugua kifua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001. Walionyesha kwamba wastani wa siku nzima unaficha mengi. Anayepika huvuta moshi mzito mno kwa vipindi vifupi, anapowasha, anapochochea, anapoinamia sufuria. Vipindi hivyo ni vya mama, na vya binti anayemsaidia. Walionyesha pia kwamba hatari ya kuugua hupanda kwa kasi moshi ungali kidogo, na kasi hiyo hupungua moshi unapokuwa mwingi sana. Ina maana kwamba jikoni palipojaa moshi, kuupunguza kidogo hakutaleta nafuu kubwa. Lazima ushuke sana.

Malawi walilijua hilo kwa uchungu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusu watoto zaidi ya 10,000, familia ziligawiwa majiko ya kuni yenye feni ya kupuliza hewa motoni ili moshi uungue. Nimonia ya watoto haikupungua. Moshi mwingine ulikuwepo bado, ukiwemo ule wa kuchoma takataka.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba kuni kavu zitamaliza kikohozi cha mtoto. Zipasue, ziezeke kwa mabati machache, zikae, kwa sababu zitapika haraka na macho ya mama yatapumzika. Hilo linawezekana wiki hii. Lakini anayetaka mapafu ya watoto yapone hana budi kuifikia gesi au umeme.

Na gesi imechezewa. Julai 2021 serikali iliirudishia ushuru wa VAT wa asilimia 16, mwaka uliofuata ukashushwa hadi 8, na mwaka 2023 ukaondolewa. Kuuondoa kulikuwa haki, na usirudi tena. Hata hivyo kinachozishinda nyumba nyingi ni siku ya kwanza: mtungi, meko, mpira na rekuleta, vyote kwa mkupuo, na bonasi ya chai iko mbali.

Hapo ndipo naona kiwanda kina jibu mkononi. Mbolea tunapewa kwa mkopo, inakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya majani, na hakuna anayeona ajabu. Mpango ule ule ubebe mtungi wa gesi na meko yake kwa kila mkulima anayetaka, na makato yaanze mwezi ambao majani ni mengi. Wakurugenzi wa viwanda tunawachagua sisi wenyewe. Mkutano ujao wa wakulima, kabla ya kufika kwenye bei ya kilo, mtu asimame aulize mtungi utaanza kutolewa lini, na akina mama wawepo mkutanoni kusikia jibu.