Gunda Si Shamba Tupu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya ufuoni, Kisumu)



Mmeniita niongee juu ya yule mgeni anayetafuta ardhi ya ufuoni ajenge hoteli na kiwanja cha gofu. Nasikia mmegawanyika. Vijana wanasema kazi imekuja, wazee wanasema pale ni gunda, kuna watu wamelala. Sikuja kuwaamulia. Nimekuja tuulizane maswali kabla mtu hajaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Kwanza gofu yenyewe. Kiwanja kamili cha mashimo 18 hula ekari 120 hadi 150 hivi. Kama kila boma lina ekari mbili, hesabuni: ni maboma 60 hadi 75. Sisi wa Kisumu si wageni wa mchezo huu. Inasimuliwa kwamba Nyanza Club, miaka ya 1950, ilikuwa na sheria kuwa mpira ukianguka karibu na kiboko ama mamba, mchezaji aweke mwingine mahali salama bila adhabu. Mnacheka, lakini oneni: hata kiboko alipata sheria yake. Aliyelala chini ya udongo hawezi kutoka majini akajionyesha. Lazima mtu amsemee.

Mimi ni Mkatoliki, siwaambii muogope mizimu. Wafu wetu tunawaombea, na mwezi wa Novemba tunaenda makaburini. Lakini hadithi za wazee sizitupi. Mnajua ile ya Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay: bibi kizee alifukuzwa kwenye sherehe ya pombe, mvua ikaja, kijiji kizima kikazama, pakabaki ziwa. Wataalamu wa miamba watakuambia ni shimo la volkano. Sawa. Lakini hadithi imefanya kazi ambayo ramani ya serikali haikufanya, imewafundisha watoto kwamba mahali hapa pana heshima yake. Gunda zetu nyingi hazina ramani nyingine ila hadithi, na ua wa minyaa, ule tunaouita ojuok, na vigae vya vyungu.

Kuna kijiji kimoja nilichofanya kazi, sitakitaja. Waliuza kipande cha ufuoni. Mzee aliyejua makaburi yalipo alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Trekta ililala pale siku mbili. Siku ya tatu walipata mifupa, na tangu siku hiyo ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Pesa zenyewe ziliisha kabla ya Krismasi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi huanguka. Mjaluo anasema kaburi la babu ni ushahidi wa ardhi. Mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alikufa Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya miezi mitano ya mahakama. Nchi nzima ilijua hapo kwamba mahali pa kuzikwa si jambo dogo kwetu. Lakini kaburi peke yake si hatimiliki. Ardhi ya ukoo ilipopimwa na kugawanywa, gunda moja iliweza kuangukia katika mashamba ya watu watatu, na mwenye jina kwenye hati huenda si mjukuu wa aliyelala pale. Akiuza, hati ya mnunuzi haisemi lolote juu ya kaburi. Ataweka uzio, na wewe utaomba ruhusa kwa mlinzi kwenda kumwombea nyanya yako.

Kwa hivyo, yule anayetaka kuuza akubali gunda ipimwe na ikatwe ibaki kando, na njia ya kuifikia iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya broka haitoshi. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na mke lazima akubali. Akina mama, msiitwe kule kwa bodi kuitikia tu. Mradi mkubwa namna hii lazima pia ufanyiwe uchunguzi wa mazingira chini ya sheria ya 1999, na maoni yenu yachukuliwe. Kuhamisha maiti bila kibali ni kosa, na kuchezea kaburi ni kosa la jinai.

Nanyi mseme kweli. Kuna makaburi huzaliwa usiku mmoja, mpimaji akishaonekana, kusudi fidia iongezeke. Mkifanya hivyo, hata kaburi la kweli halitaaminiwa.

Msidhani ni shida ya maskini wa Afrika tu. Kanada, mwaka 1990, mji wa Oka ulitaka kupanua kiwanja cha gofu kutoka mashimo 9 hadi 18, penye msitu wa misonobari na makaburi ya Wamohawk. Wamohawk walifunga njia. Askari polisi mmoja aliuawa, jeshi likaletwa, siku 78 zikapita. Upanuzi ule haukujengwa. Ardhi ilinunuliwa na serikali kuu. Wangekaa chini na kuongea mapema, yule askari angerudi kwake. Na huko Ohio, Marekani, watu walicheza gofu tangu miaka ya 1910 juu ya kuta za udongo zilizojengwa na wenyeji kwa ibada yao miaka kama elfu mbili iliyopita. Ilichukua kesi hadi mahakama ya juu ya jimbo, 2022, na milango ikafunguliwa kwa kila mtu Januari 2025. Zaidi ya miaka mia moja!

Sisi hatuna miaka mia. Broka anarudi mwisho wa mwezi. Jumanne saa mbili asubuhi tutatembea na wazee ufuoni, kila kikundi kilete mtu mmoja wa kuandika na daftari. Bibi wa boma la chini ameahidi kuja, ana miaka zaidi ya themanini, kwa hivyo vijana leteni kiti na kivuli. Na mfunike macho mkipita kwenye minyaa, utomvu wake unaunguza vibaya.