Kuchora Sura za Wazee Wetu kwa Kreyo

*Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu siku ya Jubilei*



Katika Jubilei hii tunataja majina ya wazee walioanzisha parokia yetu. Majina tunayo katika vitabu vya ubatizo. Lakini sura zao ziko wapi? Kwa wengi imebaki foto moja ndogo ya kitambulisho, nayo inafifia. Ndiyo sababu napenda kusema juu ya kazi ya kuchora uso wa mtu kwa kreyo.

Uchoraji si mgeni katika mji wetu. Mwaka 1946, mji ulipoitwa bado Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa nyumba ya kuchoria iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha Akademi ya Sanaa. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora kwa rangi historia ya nchi nzima, pamoja na Patrice Lumumba. Basi, mikono hodari haikukosekana kwetu. Na kreyo haihitaji mali nyingi.

Kwanza, macho yafundishwe kabla ya mkono. Asiyejifunza huweka macho juu mno, karibu na nywele, kwa kuwa anachora anachodhani, wala si anachoona. Apime: macho ya mtu mzima yapo karibu katikati ya kichwa, toka utosi hadi kidevu, na nafasi iliyo kati yake yatosha jicho moja. Kisha atazame tena, maana kila mzee ana uso wake, na tofauti ile ndogo ndiyo inayomtambulisha.

Pili, kivuli. Kreyo ngumu, yenye alama H, yafaa kwa mistari ya kwanza. Ile laini, yenye B, kwa weusi. Mara nyingi mwanafunzi huufunika uso wa Mwafrika kwa weusi wa namna moja, na mtu anapotea. Ngozi yetu inapokea mwanga kwenye paji, shavuni na juu ya pua. Pale karatasi iachwe karibu nyeupe. Kivuli kijengwe polepole, bila kukandamiza, kwani kreyo iliyokandamizwa inang'aa kama chuma, na gome haiifuti vema.

Kama mzee amekwisha kufariki, tuweke juu ya foto yake plastiki safi yenye miraba ya nusu sentimeta, na kwenye karatasi tuchore miraba ya sentimeta 3. Tukinakili mraba kwa mraba, uso utakuwa mkubwa mara sita.

Lakini foto ilichukuliwa kwa nukta moja tu. Mzee aliye hai anatupa saa nzima, tena anasimulia. Vijana, baada ya Misa nendeni kwao na karatasi, mwombe ruhusa kwa heshima, mchore. Nyuma ya karatasi andikeni jina, kijiji alikozaliwa, na tarehe. Nanyi wazee, msikatae kuketi. Aliyemtazama mzee saa nzima hatampita tena njiani bila kumsalimu.