Kamaru Bila "A"

Kama una kalamu karibu, andika jina Kamaru, kisha zifute zile "a" mbili. Zinabaki herufi nne: KMRU. Ndilo jina la kisanii la Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi, mjukuu na somo wa yule Joseph Kamaru aliyeimba kwa Kikuyu miaka na mikaka hadi alipofariki Oktoba 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno. Mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, wengi walifyata ndimi, yeye alimwimba. Mjukuu haimbi. Anakaa peke yake na kompyuta na kinasasauti. Lakini kwa sikio langu, kazi aliyoirithi ni ileile: kukufanya utulie usikilize.

Chukua "Peel", albamu ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Editions Mego. Hakuna ngoma humo, hakuna kiitikio. Kibao cha kwanza kinakaribia robo saa: sauti moja inavutwa polepole, nyingine inapenya chini yake bila hodi, na kwa mbali yapo mavumo ya mahali halisi aliyoyarekodi mwenyewe. Niliisikiliza alfajiri moja nikiwa nimevaa visikizi. Nilipovivua, friji ilikuwa inavuma, bomba linadondosha, manamba anaita abiria kule barabarani, na nikabaki nimesimama jikoni nikisikiliza, kana kwamba albamu ilikuwa bado inaendelea.

Baadaye akaenda Berlin kusomea sanaa ya sauti. Angeweza kutupikia "Peel" nyingine kila mwaka, nasi tungeipokea. Hakufanya hivyo. Mwaka 2022 alitoa "Temporary Stored", kazi iliyotokana na hifadhi ya sauti ya Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, kule Tervuren, Ubelgiji. Ni sauti za Waafrika, zilizohifadhiwa mbali na vizazi vyao. Ndani ya albamu zinapita zimekatika, zimefunikwa, kama mtu anayeita kutoka chumba kilichofungwa kwa nje. Sauti ya marehemu ni mali ya nani: ya aliyeitoa, au ya aliyeshika mashine? KMRU haulizi kwa maneno, na labda ndiyo maana swali linanikaa kooni.

Mwaka uliofuata ikaja "Dissolution Grip", kwenye lebo yake mwenyewe, OFNOT. Hapo alichukua michoro ya mawimbi ya sauti alizorekodi, akaisoma kama noti, akaijenga upya kwa sintesaiza. Hatua hiyo ilihitaji ujasiri, maana aliacha kile tulichokwisha kumpendea.

Na wakati huohuo amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kupitia Bandcamp, ili nazo zisiishie kwenye hifadhi ya watu wengine.

Berlin aliukuta mji unaonyamaza usiku kuliko Nairobi. Basi akatafuta kelele iliyojificha: ule mvumo wa umeme ndani ya nyaya na mitambo, ambao sikio haliupati bila kifaa maalumu. Humo ndimo ilimotoka "Natur" ya 2024, kibao kimoja kirefu. Nakuwekea dakika zake za mwanzo sasa hivi. Feni yako usiizime, iache ivume nayo.