Chumvi na akili ya mtoto

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

Tuko hapa Nyarushishi, Rusizi. Wiki hii mama mmoja ameniuliza: "Chumvi yenye iyodi inajenga ubongo. Basi nikimzidishia mwanangu, si atazidi akili?"

Mama, asante kwa swali. Jibu ni hapana.

Iyodi ikikosekana ni hatari kweli. Kwenye kisiwa cha Idjwi, humu humu Ziwa Kivu, miaka ya 1960 madaktari walikuta watu wengi wenye rovu shingoni, na watoto waliozaliwa na akili nzito. Kwa hiyo mama mjamzito asiache chumvi hiyo.

Lakini iyodi ikizidi, tezi ileile ya shingoni inavurugika. Inaweza kulegea. Ikilegea muda mrefu, mtoto anadumaa, anachoka, na masomo yanamshinda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, katika kambi 6 za wakimbizi barani Afrika, ulikuta iyodi imezidi kwa watu wa kambi nyingi kati ya hizo.

Basi tufanye hivi. Sombe ikiiva ndipo utie chumvi, kidogo tu, maana moto unapunguza iyodi. Kopo la chumvi lifunikwe. Chakula cha mtoto ambaye hajafikisha mwaka usikitie chumvi. Vidonge vya iyodi usimpe mpaka muuguzi akuelekeze, wala iyodi ya kidonda usiidondoshe kwenye maji yake.

Ukiona uvimbe shingoni mwa mtoto, mpeleke kituo cha afya.

Maswali yenu nayangoja. Kwaherini.

(Muziki.)