Kifurushi Hushuka Stejini

Msikilizaji, mtu wa Runyenjes akiagiza viatu mtandaoni kutoka Nairobi, muuzaji humuuliza swali moja tu: nikutumie na matatu gani? Posta haitajwi, ingawa msimbo wake, 60103, ungali kwenye anwani za shule zetu.

Sababu ni kasi. Kifurushi kikipakiwa asubuhi jijini, hupita Mwea na Embu, na jioni mteja hupigiwa simu akichukue. Analipa kwa M-Pesa, anaonyesha kitambulisho, basi. Wa Kyeni ataongeza nauli ya bodaboda, maana kifurushi hushuka stejini, si mlangoni.

Lakini mzigo ukipotea, ndipo utasoma risiti. Mara nyingi, kwa herufi ndogo kama punje za wimbi, imeandikwa kwamba msafirishaji halipi fidia ya kitu ambacho thamani yake haikutajwa. Na nani hutaja? Ukidai, karani wa hapa anakuelekeza Embu, Embu wanakuelekeza Nairobi.

Posta ina huduma ya EMS, yenye nambari ya kufuatilia mzigo, na MPost inayogeuza nambari ya simu kuwa anwani. Vitu vizuri, ila havijulikani, na shirika lenyewe limelemewa na madeni. Kwa maoni yangu, lingeanza na ile simu ya jioni.

Nao wenye matatu wakumbuke kuwa kubeba vifurushi kibiashara kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mteja ana haki ya kuuliza iko wapi, kabla hajalipa.